Pikipiki juu ya mbao: mbio zilizojaza viwanja Marekani na kuwaua waliokuja kutazama

KYAVINYONGE – Kila asubuhi, samaki wanaposhushwa kutoka kwenye mitumbwi, pikipiki zinakuwa zimeshajipanga kwa safari ya kupanda milima kuelekea Butembo. Kazi ya hapa inasimama juu ya vitu viwili: ubao na moteri. Fundi wa mitumbwi anachagua ubao, anaupigilia misumari, anaziba mianya ili maji ya ziwa yasiingie. Motari naye anakaza mnyororo, anaongeza mafuta, anafunga mzigo. Ubao unakwenda majini, pikipiki inakwenda barabarani, na kila kimoja kina njia yake.

Lakini kulikuwa na wakati, zaidi ya miaka 100 iliyopita, ambapo vitu hivyo viwili vilikutana. Nchini Marekani watu walijenga viwanja vya mviringo kwa mbao tupu, vikiwa vimeinuka pembeni kama kuta za bakuli, na ndani yake vijana wakashindana kwa pikipiki zisizo na freni. Maelfu ya watu walilipa kuwatazama. Baadhi yao hawakurudi nyumbani.

Katika eneo letu pikipiki si mchezo. Ndiyo inayobeba samaki, mgonjwa, mwanafunzi, na mama anayewahi kujifungua. Vita vilipofika vijijini, familia nyingi zilitoka kwa pikipiki: mama, watoto wawili au watatu, godoro na sufuria, wote nyuma ya motari mmoja. Kwa hiyo historia ya mbio zile za mbao si hadithi ya mbali kama inavyoonekana. Ndani yake kuna swali ambalo motari analijua, na mzazi mwenye mtoto anayecheza kando ya barabara analijua pia: kasi inapoleta pesa, ni nani anayezihesabu, na ni nani anayelipa ajali inapotokea?

Baiskeli ndizo zilizotangulia

Mbio za pikipiki juu ya mbao zilizaliwa na mbio za baiskeli. Miaka ya mwisho ya karne ya 19, baiskeli ilikuwa mchezo mkubwa Marekani na Ulaya. Katika miji mingi kulijengwa viwanja vya mviringo vya mbao, na katika jumba la Madison Square Garden, mjini New York, waendeshaji walikuwa wakishindana hata kwa siku sita mfululizo.

Kwenye mbio hizo kulikuwa na ujanja mmoja. Mtu wa baiskeli akikimbia peke yake, upepo unamzuia. Akikimbia nyuma ya chombo kingine, upepo unakatwa na yule wa mbele. Kila motari anayefuata lori kwa karibu ameshauonja ujanja huo. Basi wenye mbio wakaanza kutumia baiskeli zilizofungwa moteri ndogo ili ziwatangulie wanaokanyaga pedali.

Moteri hizo za mwanzo zilizimika ovyo katikati ya mbio. George Hendee, bingwa wa zamani wa baiskeli aliyekuwa akiandaa mashindano, aliona moja iliyofanya kazi vizuri kuliko nyingine. Fundi wake aliitwa Oscar Hedstrom, mtu mwenye asili ya Sweden. Mwaka 1901 wawili hao walikubaliana kutengeneza pikipiki za kuuza, katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts. Ndiyo mwanzo wa pikipiki za Indian. Miaka miwili baadaye, 1903, katika mji wa Milwaukee, zikaanza pikipiki za Harley-Davidson.

Haikuchukua muda mrefu watazamaji wakagundua jambo: ile pikipiki iliyoletwa kumsaidia mwenye baiskeli ilikuwa inavutia macho kuliko baiskeli yenyewe.

Jack Prince, mjenzi wa bakuli za mbao

Mtu aliyeligeuza jambo hilo kuwa biashara aliitwa Jack Prince. Alizaliwa Uingereza, akawa mshindani wa baiskeli zile za kale zenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, kisha akahamia Marekani. Alipoacha kushindana akawa mjenzi wa viwanja vya mbao vya baiskeli. Pikipiki zilipokuja, akaona kwamba kazi yake ni ileile, ila kuta zinapaswa kuinuka zaidi.

Mwaka 1909 alijenga uwanja wa mbao kwa ajili ya pikipiki mjini Los Angeles. Mwaka 1910, kando ya bahari mahali paitwapo Playa del Rey karibu na mji huohuo, alijenga mwingine mkubwa zaidi: mviringo kamili wa maili moja, yaani kilomita 1.6 hivi, ambao magari nayo yaliweza kukimbilia. Baada ya hapo viwanja vilichipuka kama uyoga baada ya mvua: Springfield, Salt Lake City, Denver, Chicago, Newark na miji mingine.

Kwa nini mbao? Uingereza ilikuwa imeshajenga uwanja maarufu wa Brooklands mwaka 1907, wenye kona zilizoinuka, na wao walitumia zege. Lakini zege ni ghali na linachukua muda. Marekani wakati ule ilikuwa na misitu mikubwa, viwanda vya kupasua mbao na maseremala wengi. Uwanja wa mbao uliweza kusimama kwa wiki chache. Mwenye pesa aliweka pesa zake, akauza tiketi msimu huohuo, na akaanza kuzirudisha kabla mvua hazijarudi.

Mbao zilizotumika kwenye viwanja vikubwa zilikuwa za kawaida za ujenzi, zenye unene wa inchi 2 na upana wa inchi 4, yaani sentimita 5 kwa 10 hivi. Hazikulazwa bapa kama sakafu ya nyumba. Zilisimamishwa kwa ubavu, ukingo mwembamba ukitazama juu, zikabanwa moja kando ya nyingine na kupigiliwa misumari. Mtu akichukua uwanja wenye mzunguko wa kilomita 2 na njia yenye upana wa mita 20, hesabu yake ni mistari 400 ya mbao, kila mstari kilomita 2. Jumla ni kilomita 800. Hizo ni mbao za kuunganisha Beni na Goma, kwenda na kurudi, na nyingine kubaki.

Sisi wa Kivu Kaskazini tunaijua mbao inayotembea: chukudu, gari la mbao la magurudumu mawili linalobeba viazi, makaa na miti, na ambalo Goma imelijengea sanamu. Kwa Jack Prince ilikuwa kinyume. Ubao ulitulia chini, na chuma ndicho kilichokimbia juu yake.

Kwa nini hawakuanguka

Chukua ndoo yenye maji nusu, uizungushe kwa mkono juu ya kichwa kwa nguvu. Maji hayamwagiki. Yanataka kukimbia moja kwa moja, lakini kitako cha ndoo kinayageuza kila mara, na kwa hiyo yanajikandamiza kwenye kitako hata ndoo inapokuwa imepinduka. Ukipunguza mkono, unaloa.

Uwanja wa mbao ulifanya kazi kwa namna hiyo. Katika viwanja vidogo, ambavyo mzunguko wake ulikuwa robo ya maili, yaani mita 400 hivi, ukuta uliweza kuinama hadi nyuzi 60. Huo ni mwinuko ambao mtu hawezi kuupanda kwa miguu bila kushika kitu. Pikipiki iliyokimbia sana ilijikandamiza kwenye ukuta na kushika. Iliyopungua mwendo iliteremka yenyewe kuelekea chini. Kwa hiyo kasi haikuwa sifa tu. Kasi ndiyo iliyomshikilia kijana ukutani.

Pikipiki zenyewe zilikuwa zimevuliwa kila kitu. Hazikuwa na freni. Nyingi moteri yake iliwekwa iwake kwa nguvu yote tangu mwanzo hadi mwisho, na mwendeshaji aliyetaka kupunguza mwendo alibonyeza kifungo kwenye usukani kilichokata umeme wa moteri kwa muda mfupi, kisha akakiachia. Zilikuwa nzito kuziwasha, kwa hiyo mara nyingi zilivutwa na pikipiki nyingine mpaka moteri ishike.

Mafuta ya moteri nayo hayakuzunguka ndani kama katika pikipiki za leo. Yalipita mara moja na kutoka. Mwendeshaji aliyasukuma kwa pampu ya mkono huku akikimbia, na mabaki yake yalirukia miguu yake, uso wa aliyekuwa nyuma yake, na mbao zenyewe. Baada ya mashindano machache, ukuta ule wa nyuzi 60 ulikuwa umepakwa mafuta. Kichwani walivaa kofia za ngozi. Aliyeanguka hakugusa udongo. Aliteleza juu ya mbao, na vibanzi vilimwingia mwilini kama misumari.

Hata hivyo vijana walikuja. Wengi walikuwa watoto wa mafundi, wakulima na wahamiaji. Kiwandani kijana alipata mshahara mdogo wa juma. Kwenye mbao, aliyeshinda alipata pesa za maana, na jina lake likaandikwa gazetini. Viwanda vilikuwa na sababu yao pia: pikipiki iliyoshinda mwisho wa juma ilitafutwa na wanunuzi siku zilizofuata.

Kasi ilipanda kweli. Tarehe 30 Desemba 1912, huko Playa del Rey, Lee Humiston akiwa juu ya pikipiki ya Excelsior alimaliza maili moja kwa sekunde 36. Hiyo ni maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160 kwa saa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kasi hiyo kutambuliwa rasmi kwa pikipiki. Barabara ya lami ambayo mtu angeweza kuitembeza kasi hiyo ilikuwa nadra duniani.

Jake DeRosier

Nyota wa kwanza wa mbao alikuwa Jake DeRosier. Alizaliwa Kanada, katika jimbo la Quebec ambako watu wanasema Kifaransa, akakulia Marekani. Alianza na baiskeli, kisha akawa mmoja wa wale waliotangulia mbele ya baiskeli kwa moteri, kisha akawa mtu wa Indian. Kwa miaka kadhaa hakuna aliyemkaribia.

Mwaka 1911 alivuka bahari kwenda kushindana kwenye kisiwa cha Man, na baadaye Brooklands akapambana ana kwa ana na Mwingereza Charlie Collier katika mbio tatu. DeRosier alishinda mbili. Alirudi akiwa shujaa, lakini hakuelewana tena na kiwanda chake, akahamia Excelsior.

Mwezi Machi 1912, mjini Los Angeles, alikuwa akishindana na Charles Balke, mmoja wa vijana wenye jina kubwa wakati ule. Pikipiki zao zikagusana. DeRosier alivunjika vibaya mguu. Alifanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja, na kila mara alitarajia kurudi kwenye mbao. Tarehe 25 Februari 1913 alifariki mjini Springfield, mji wa kiwanda kilekile alichokipatia ushindi. Siku ya mazishi yake, kiwanda cha Indian kilisimamisha kazi kwa dakika chache msafara ulipopita.

Dakika chache, kisha mashine zikaendelea.

Mpaka hapo watu wengi waliona kwamba hii ni bei ya mchezo. Kijana amechagua mwenyewe. Anajua hatari, analipwa kwa hatari hiyo. Ndivyo ilivyosemwa, na ndivyo inavyosemwa hata leo kuhusu kazi nyingi za vijana. Lakini kulikuwa na watu wengine katika viwanja vile ambao hawakulipwa kitu. Wao ndio waliolipa.

Tarehe 8 Septemba 1912

Mpangilio wa viwanja vidogo ulikuwa na kosa moja kubwa. Watazamaji walikaa juu, kwenye ukingo wa bakuli, wakitazama chini. Mahali pazuri kuliko pote palikuwa palepale ukingoni, nyuma ya uzio mwepesi, ambapo pikipiki zilipita karibu mno hata upepo wake ukapiga uso. Watoto na vijana walipigania nafasi hiyo. Na kwa sheria ileile ya ndoo na maji, pikipiki inayoshindwa kugeuka haiendi chini. Inaruka juu na nje, kuelekea walipo watu.

Tarehe 8 Septemba 1912 ilikuwa Jumapili. Katika uwanja wa Vailsburg, mjini Newark, jimbo la New Jersey, maelfu ya watu walikuwa wamekuja kumwona Eddie Hasha, kijana wa Texas aliyekuwa na sifa ya kasi isiyo ya kawaida. Uwanja wenyewe ulikuwa na miezi michache tu tangu ufunguliwe.

Katikati ya mbio, moteri ya Hasha ilianza kusumbua. Waliokuwapo walisema alionekana akiinama kuigusa. Ghafla pikipiki ikaongeza nguvu, ikapanda ukuta hadi juu kabisa na kuingia kwenye uzio, pale pale wavulana walipokuwa wameinama kutazama. Hasha alirushwa na kufa. Pikipiki yake ilifagia uzio, kisha ikaporomoka kurudi kwenye njia na kumpiga mwendeshaji mwingine, Johnny Albright wa Denver, ambaye naye alifariki. Watazamaji kadhaa walikufa, wengi wao wavulana. Wengine wengi walijeruhiwa, baadhi kwa pikipiki na baadhi kwa kukanyagwa katika msukumano wa kukimbia.

Wavulana wale hawakuwa wameshindana na mtu yeyote. Walikuwa wamesimama mahali ambapo mwenye uwanja aliwauzia nafasi.

Haukupita mwaka mmoja. Tarehe 30 Julai 1913, katika uwanja wa Lagoon, mji wa Ludlow, jimbo la Kentucky, mbio zilikuwa zinafanyika usiku chini ya taa za umeme. Mwendeshaji Odin Johnson alipanda ukuta na kugonga nguzo ya taa. Tangi la esanse likapasuka, nyaya za umeme zikaliwasha, na moto ukamwagika juu ya watu waliokaa karibu. Johnson alikufa. Watazamaji kadhaa waliungua hadi kufa, na makumi wakajeruhiwa.

Makosa mawili tofauti, mahali tofauti, lakini sababu moja: watu waliwekwa pale ambapo ajali ingekwenda.

Neno lililobadilisha mambo

Viwanja vile viliitwa motodromu. Baada ya Newark na Ludlow, magazeti ya Marekani yalibadilisha herufi chache za neno hilo kwa lugha yao, likawa na maana ya uwanja wa mauaji. Jina hilo likashika.

Kabla ya hapo, magazeti hayohayo yalikuwa yameandika kuhusu rekodi, kasi na washindi. Ajali ilikuwa mstari mmoja mwishoni mwa habari. Sasa ajali ndiyo ikawa habari, kwenye ukurasa wa kwanza, pamoja na umri wa waliokufa. Wazazi walisoma. Wakubwa wa miji walisoma. Uwanja wa Newark ulifungwa, na vingine vidogo vikafuata kimoja baada ya kingine. Mwaka 1919 chama kilichosimamia mbio za pikipiki Marekani kilipiga marufuku mashindano kwenye viwanja vya mbao vyenye mzunguko chini ya maili moja. Bakuli zile za kuta kali zikawa zimekwisha.

Hapa kuna jambo la kutafakari. Pikipiki hazikubadilika. Bado hazikuwa na freni. Kasi haikupungua. Kilichobadilika ni kwamba vifo vilihesabiwa hadharani, na watu wakaanza kuuliza maswali mlangoni kabla ya kununua tiketi. Wakati wote uliotangulia, hesabu iliyojulikana ilikuwa moja tu: ya pesa zilizoingia.

Viwanja vikubwa, na ubao unaooza

Mbio hazikuishia hapo. Zilihamia kwenye viwanja vikubwa vya mbao, vyenye mzunguko wa maili moja hadi mbili, ambavyo vilijengwa zaidi kwa ajili ya magari: Chicago na Sheepshead Bay mjini New York mwaka 1915, Beverly Hills huko California mwaka 1920, Altoona huko Pennsylvania mwaka 1923, na vingine. Mjenzi alikuwa mara nyingi yuleyule Jack Prince, sasa akishirikiana na mhandisi Art Pillsbury. Pillsbury aliazima elimu ya njia za treni: badala ya kona kuanza ghafla, njia ilianza kuinama kidogokidogo, kama reli inavyoingia kwenye kona. Vyombo vikapita kwa ulaini zaidi.

Harley-Davidson, ambayo mwanzoni ilijiweka mbali na mashindano, iliunda kikosi chake mwaka 1914. Tarehe 22 Februari 1921, kwenye uwanja wa mbao wa Fresno huko California, mtu wao Otto Walker alishinda mbio kwa wastani wa zaidi ya maili 100 kwa saa. Humiston aliifikia kasi hiyo kwa maili moja. Walker aliishikilia mbio nzima, na hakuna aliyewahi kushinda hivyo kabla yake.

Lakini adui mwingine alikuwa chini ya magurudumu. Mbao zile nyingi hazikutiwa dawa ya kuzuia kuoza. Fundi yeyote wa mitumbwi hapa Kyavinyonge angewaambia mapema: ubao unaolowa na kukauka, kulowa na kukauka, hauna miaka mingi. Mvua iliingia kwenye mianya, jua likapasua, misumari ikalegea, uzito wa vyombo ukavunja. Baada ya miaka michache uwanja ulikuwa na mashimo. Washindani wa wakati ule walisimulia kwamba maseremala walikuwa chini ya njia wakibadilisha mbao zilizovunjika huku mbio zinaendelea juu ya vichwa vyao, na kwamba vipande vya mbao viliruka na kuwapiga usoni.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wenye viwanja walipaswa kujenga upya kila baada ya miaka michache, na pesa za tiketi hazikutosha. Kile kilichokuwa rahisi kujenga kikawa ghali kutunza. Kisha mwaka 1929 uchumi wa Marekani ukaanguka, watu wakakosa kazi, na pesa za starehe zikakauka. Altoona, mmoja wa viwanja vya mwisho, ulifanya mbio zake kubwa za mwisho juu ya mbao mwaka 1931.

Pikipiki zilishahamia kwenye udongo, zikashindana katika viwanja vya farasi. Kilichobaki cha zile bakuli za mbao kilikwenda kwenye maonyesho ya mitaani, ambako mtu mmoja anazunguka kwa pikipiki ndani ya ukuta uliosimama wima kama pipa, na watu wanamtazama kutoka juu. India bado wanafanya hivyo kwenye sherehe zao hadi leo. Baiskeli nazo, zilizoanzisha yote, bado zinashindana juu ya mbao katika michezo ya Olimpiki.

Mbao zilikwenda wapi

Uwanja wa Beverly Hills ulibomolewa mwaka 1924 kwa sababu ardhi yake ilikuwa imepanda bei kuliko mbio zenyewe. Ule wa Playa del Rey ulikuwa umeungua zamani, mwaka 1913. Ule wa Chicago ulidumu miaka michache tu. Mahali pake pakajengwa hospitali ya askari waliorudi na majeraha kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia, na hospitali hiyo ipo mpaka sasa.

Habari ya uwanja wa Fulford, karibu na mji wa Miami, ni ya pekee. Ulifunguliwa Februari 1926 kwa mbio moja kubwa ya magari. Mwezi Septemba mwaka huohuo kimbunga kikali kilipiga Miami, kikaubomoa uwanja na maelfu ya nyumba. Hakuna mbio nyingine iliyofanyika pale. Watu walikuwa nje bila paa. Mbao zilizookolewa kwenye uwanja zilichukuliwa na kutumika kujenga upya nyumba za waliobomolewa.

Anayeishi leo chini ya shitingi, au katika chumba alichopewa na jamaa huku akingoja siku ya kurudi kijijini, anajua bila kuelezwa thamani ya ubao mmoja ulionyooka.

Motari wa njia ya Butembo hakimbilii kikombe. Anakimbilia safari ya pili kabla jua halijazama, kwa sababu mwenye pikipiki anasubiri pesa yake ya siku, na nyumbani kuna watoto. Kama Hasha na DeRosier, anajua hatari yake. Tofauti na wao, ana freni, na kofia ngumu ipo sokoni. Lakini kando ya barabara anayopita kuna wauza ndizi, wanafunzi, na watoto waliokuja kutazama pikipiki zikipita. Hao hawakuchagua kitu.

Marekani ilichukua miaka mingi na makaburi mengi ya vijana kabla ya kuuliza watazamaji wanasimama wapi. Hapa swali hilo linaweza kuulizwa bila kungoja: na chama cha wamotari, na wakuu wa mitaa, na mzazi anayemvuta mtoto wake hatua tatu nyuma kutoka barabarani.